Nilipima maji taka ya hosteli kutafuta virusi vya homa

Mimi nasimamia hosteli ya wanafunzi huku Thika Road, block mbili, na baridi ya Julai ilipoingia homa ilituzunguka mpaka nikachoka, huyu akipona yule wa kitanda cha juu anaanza kupiga chafya. Nikakumbuka 2018 polio ya aina ya 2 ilipopatikana kwa maji taka ya Eastleigh na kampeni ya chanjo ikafanywa, nikasema kama polio inaonekana huko basi hata hii yetu ya kamasi itaonekana. Nikaulizia nikapata maabara ya kibinafsi inayofanya hiyo kazi, jina siweki.

Mara ya kwanza pesa ilienda bure na iliniuma sana. Waliniambia tu leta maji nusu lita, nikafungua manholi saa nane mchana nikachota, na saa hiyo wanafunzi wote wako class, yanayopita ni maji ya kufua nguo. Ripoti ikarudi hakuna kitu. Lakini kuna kirusi cha mmea wa pilipili kinaitwa PMMoV, watu wanakila kwa chakula kinatoka na choo, kwa hivyo maabara hukitumia kujua kama sampuli ina uchafu wa binadamu wa kutosha, na kwa yangu kilikuwa kidogo mno. Si mngenipigia simu nilete ingine? Walinitumia majibu na bili.

Mara ya pili nilihudumiwa na dada mwingine na huyo nampa nyota zote tano. Alinipa gozi (gauze, kile kitambaa chepesi cha kufunga kidonda) imefungwa kwa uzi, nikaining'iniza ndani ya manholi masaa 24, eti ni mbinu iliyotumika kutafuta paratifodi, ndugu ya taifodi, tangu miaka ya 1940, inashika kila kitu kinachopita usiku na asubuhi watu wakioga. Pia akanipa vijiti vya pamba vya kupangusa vitasa na swichi. Nikaweka kwa barafu nikapanda matatu moja kwa moja, juu vinasaba vya virusi vingi vya mafua, RNA, vinaharibika haraka kwa joto.

Majibu: adenovairasi, kirusi kingine kinacholeta mafua, ilikuwa nyingi kwa maji taka, Ct 27 (ni mizunguko ya mashine mpaka kirusi kionekane, namba ikiwa ndogo ndio virusi ni vingi), rainovairasi, ile ya mafua ya kawaida, ikawa hafifu, Ct 35. Mimi nikafurahi nikadhani rainovairasi si shida yetu, dada akanisimamisha. Alisema rainovairasi haipendi asidi ya tumbo, nyingi inafia huko, inayofika kwa bomba sanasana ni ya kamasi na mate ya kwa sinki na bafu, lakini adenovairasi inapita tumboni vizuri na mtu anaweza kuitoa kwa choo wiki nyingi baada ya kupona. Kwa hivyo huwezi linganisha hizo namba mbili useme hii ndio inaumiza watu. Na PCR, hicho kipimo cha mashine, inaona vinasaba tu, haikuambii kama kirusi kiko hai.

Kilichonisaidia zaidi ni vile vijiti. Mfereji wa maji moto jikoni, ule kila mtu anashika akitengeneza chai, ndio ulikuwa na rainovairasi kuliko vitasa vyote. Na hapo juu nilikuwa nimeweka sanitaiza ya spiriti, kumbe hivi virusi havina ule utando wa mafuta spiriti inauvunja, kwa hivyo usiitegemee peke yake, ongeza sabuni na maji ya kutiririka. Siku hiyo hiyo nikaweka sinki ndogo na sabuni hapo.

Lalamiko lingine, ripoti yao inaandika rainovairasi na enterovairasi mstari mmoja. Ni za ukoo mmoja na kipimo chao kinazichanganya, ukitaka zitenganishwe unaongeza pesa, hiyo waiseme mapema kabla mtu hajalipa.

Mtu mmoja mwenye mafua usijisumbue nayo, lakini kwa shule au hosteli ningelipa tena. Itisha gozi, usikubali ile ya kuchota mara moja, na upeleke asubuhi mapema juu ikifika baada ya saa sita inalala kwa friji mpaka kesho.