TAHADHARI: Hizi mashine za kahawa "mpya za boksi" zinazouzwa mtandaoni hapa Dar

Wakuu, habari za kazi. Kuna muuzaji wa mashine za kahawa za otomatiki, zile zinazosaga punje zenyewe na kutoa kikombe kwa kubonyeza kitufe kimoja. Anatangaza Instagram na kumalizia biashara WhatsApp, yupo hapahapa Dar es Salaam, na mpaka leo asubuhi matangazo yake yalikuwa yanatembea. Jina la ukurasa silitaji. Ameshalibadilisha zaidi ya mara moja, na mchezo wenyewe hauchezi peke yake. Naeleza anavyofanya kazi, ili akirudi na jina jingine mumjue kwa mwendo.

Mimi ni fundi wa mashine hizi. Mzigo wake umeshafika mezani kwangu mara kadhaa, na wenye mzigo huwa wanaanza na swali lilelile: "Fundi, hii kweli ni mpya?"

Tapeli tuliyemzoea anapokea hela, anazima simu, basi. Huyu hazimi simu. Bodaboda anafika mpaka getini, boksi limezungushiwa nailoni, styrofomu ipo, kitabu cha maelekezo kipo. Unasaini, unashukuru, hata unamsifia kwa jirani. Ndiyo maana anadumu. Ukienda kulalamika unaulizwa kama mzigo uliupokea, nawe uliupokea kweli.

Tangazo lenyewe ni video fupi ya kahawa ikichuruzika kwenye kikombe cha kioo, povu zito la rangi ya asali juu, na maandishi: "Kutoka Ulaya, mpya ya boksi, presha bar 20, 450,000 tu, zimebaki mbili." Hizo mbili zimebaki tangu mwaka jana.

Tuanze na bei, maana hapo ndipo mtu angeweza kujiokoa kabla hata hajauliza swali. Mashine mpya ya daraja la kuanzia, kwa mfano Philips 2200 au De'Longhi Magnifica S, dukani Ulaya kwenyewe inacheza kwenye euro 300 hivi, ofa ikiwepo inashuka kidogo. Hiyo peke yake ni zaidi ya laki nane za kwetu. Ongeza usafiri wa kitu cha kilo nane au tisa, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na muuzaji naye ale. Sasa mtu anakuuzia laki nne na nusu na bado anakuletea bure mpaka Mbezi. Faida anaipata wapi? Anaipata kwa sababu mashine hakuinunua ikiwa mpya. Ni mtumba wa maofisini, mashine iliyotupwa baada ya kuchoka, ikaoshwa nje, ikapigwa polishi, ikawekwa kwenye boksi la kutafuta.

Na mtumba si dhambi, niseme hilo mapema. Nusu ya mashine ninazozihudumia ni mtumba na zinapiga kazi vizuri. Kosa ni kumuuzia mtu iliyokufa na kuiita mpya.

Mteja mmoja, mama mstaafu wa huko Mbezi, alinionyesha mazungumzo yao. Aliuliza maswali yote ambayo mtu mwenye akili zake angeuliza.

"Ina waranti?"

"Ipo mpendwa, mwaka mzima."

"Risiti ya EFD je?" Yaani ile ya mashine ya kodi.

"Boda atakuja nayo mpendwa."

Boda alikuja na karatasi ya kuandika kwa kalamu, haina TIN (namba ya mlipakodi), haina jina la duka, ina muhuri tu wa bluu usiosomeka. Wakati huo hela zilikuwa zimeshakwenda, na zilikwenda kwenye namba ya mtu binafsi, jina la kike, ilhali yeye alikuwa anaongea na mwanaume.

Mashine ilitoa kahawa siku chache. Baadaye ikawa inasaga, inanguruma, halafu inatema maji ya rangi ya chai kwenye trei ya chini na kikombe kinabaki kitupu. Alipomwandikia muuzaji akajibiwa kwamba labda kahawa yake ndiyo mbaya. Kahawa yenyewe nimeionja: arabika ya Mbinga, imekaangwa karibuni, haina tatizo lolote.

Nilipofungua mlango wa pembeni, kile kikasha cha kukamulia, yaani sehemu inayoshindilia kahawa kabla maji ya moto hayajapita, kiligoma kutoka. Kilipotoka kwa kubembelezwa, mipira yake ya juu ilikuwa imekakamaa na kupasuka, grisi imegeuka kama lami, na nyuma yake kuna machicha ya zamani yameota ukungu wa kijani. Mpira ukipasuka presha haikai, maji yanatafuta njia ya pembeni; ndiyo yale yaliyokuwa yanaishia kwenye trei. Nikachomoa tangi la maji. Kwa nyuma, mahali ambapo kitambaa cha kufutia hakifiki, kulikuwa na stika ya Kijerumani yenye namba ya mali ya ofisi na ghorofa ilikokuwa ikikaa. Kwenye menyu, upande wa takwimu, mashine yenyewe ikakiri: vikombe 21,000 na ushee. Nyumba inayokunywa vikombe vinne kwa siku ingehitaji miaka kumi na minne kufika hapo.

Mchezo wa pili unaanza mteja akishakasirika. Muuzaji anamtuma "fundi wa kampuni" kwa elfu themanini. Fundi anafungua, anapuliza, anapaka mafuta, mashine inafanya kazi wiki moja. Akiitwa tena ni elfu themanini nyingine, safari hii eti pampu. Nimefungua mashine iliyodaiwa kubadilishwa pampu nikakuta vumbi kwenye skrubu za pampu halijaguswa. Na wanatumia mafuta ya kula au grisi ya pikipiki, wakati pale panatakiwa grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwenye vyombo vya chakula. Kahawa yako inapita hapo, jamani.

Sasa zile video. Watu wananiambia, "Lakini fundi, alinipigia video nikaona inatoa kahawa." Tazameni tena, na safari hii sikilizeni. Mashine nyingi za aina hii zina mlango mdogo juu wa kuwekea kahawa iliyokwisha kusagwa, kwa ajili ya mtu anayetaka isiyo na kafeini. Kinu kikifa, muuzaji anaweka kijiko cha unga pale, anabonyeza, kikombe kinajaa. Kahawa ni ya kweli, povu ni la kweli, ila kinu hakikunguruma. Kwenye video moja aliyotumiwa mteja wangu kulikuwa na muziki wa taarabu kwa sauti ya juu mwanzo mpaka mwisho. Unafikiri ni kwa kupenda taarabu?

Taa ya kuondoa chokaa nayo inadanganywa kirahisi. Mashine haina ulimi wa kuonja dawa. Inahesabu maji yaliyopita, na ikimaliza programu ya kusafisha taa inazimika. Mtu anaweza kuendesha programu nzima kwa maji matupu ya bomba. Taa inazimika, chokaa yote imo ndani imeng'ang'ania hita na mirija. Kwa sisi tunaotumia maji ya kisima hili si jambo dogo, maana chokaa inajazana haraka kuliko kitabu cha maelekezo kinavyodhani. Dalili yake ni kahawa ya uvuguvugu inayotoka kwa matone, na bomba la mvuke linalopumua bila nguvu.

Halafu kuna zile za Marekani. Hizi ni hatari kabisa, na ndizo zilizonifanya niandike leo badala ya kungoja. Mwezi huu ameanza kuleta mashine za volti 120. Waya umekatwa, imefungwa plagi yetu ya pini tatu, na mteja anaambiwa achomeke tu ukutani. Umeme wetu ni volti 230. Hita iliyotengenezwa kwa volti 120 ukiipa 230 inavuta nguvu karibu mara nne ya ile iliyopangiwa. Ukibahatika fyuzi inakatika na moshi kidogo unatoka. Usipobahatika unaweka moto jikoni. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka chochote, geuza mashine uangalie kibati cha chini au cha nyuma. Ikiwa imeandikwa 220-240V, 50Hz, sawa. Ikiwa imeandikwa 120V, 60Hz, usiichomeke hata kwa "kujaribu kidogo". Ikiwa kibati kimebanduliwa, umeshapata jibu. Na plagi isiyo ya kiwandani kwenye kitu kinachoitwa kipya cha boksi inatosha kumrudisha boda na mzigo wake. Msikubali kuambiwa "weka adapta": adapta inabadilisha umbo la pini, volti haigusi. Kinachotakiwa ni transfoma ya kushusha umeme inayobeba zaidi ya wati 1,500, ambayo ni pande zito la chuma, na bei yake inaweza kukufuta faida yote uliyodhani umeipata.

Hiyo bar 20 kwenye tangazo isikuvuruge akili. Espresso inakamuliwa kwa takriban bar 9. Namba za 15, 19 na 20 zinaelezea uwezo wa juu wa pampu, na mashine ya bar 20 haitoi kahawa tamu zaidi kwa sababu hiyo.

Mtu akiniuliza anunue vipi, namwambia aende mwenyewe, aione mashine ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyeiwasha nusu saa kabla hujafika kuna kitu anakificha. Beba punje zako mwenyewe, zile za rangi ya kahawia ya kawaida. Nyeusi zinazong'aa mafuta zinaganda kwenye kinu, na zile zilizokaangwa na sukari zinakiua kabisa. Iwashwe mbele yako, isage, itoe vikombe vitatu mfululizo, maana kikombe cha kwanza kinaweza kuwa kimeandaliwa. Kisha vuta kisanduku cha machicha uangalie: kahawa iliyokamuliwa vizuri inadondoka humo ikiwa kidonge kilichoshikana, na uji unaoogelea ni habari mbaya. Mwombe atoe kikasha cha kukamulia. Kwenye De'Longhi, Philips, Saeco, Gaggia na Siemens za nyumbani kinatoka kwa mkono bila bisibisi, na mwenye mashine anatakiwa awe anakiosha kwa maji kila wiki. Asiyejua kinatokaje hajawahi kukiosha.

Jura ni habari nyingine. Kikasha chake hakitoki kwa mtumiaji, kinasafishwa kwa vidonge, na skrubu za nje zina vichwa vya umbo la yai vinavyodai bisibisi yake maalumu. Ni mashine nzuri sana, lakini Jura ya mtumba isiyo na historia ya matengenezo mimi nisingeinunua, hata nikibembelezwa. Uzuri wake ni kwamba idadi ya vikombe inaonekana kwenye menyu. De'Longhi zenye skrini nazo zina takwimu hizo. Muuzaji mkweli atakufungulia ukurasa huo bila kununa.

Malipo yafanyike baada ya kahawa kutoka, siyo kabla. Akiwa na Lipa Namba, ile namba ya malipo ya biashara kwenye simu, jina la biashara litatokea kabla hujathibitisha, ulinganishe na jina la duka. Risiti ya EFD unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya TRA, Mamlaka ya Mapato, hapohapo kwa simu. Anayesema "bila risiti nakupunguzia" anakuondolea ushahidi wako, na kile anachopunguza ndiyo bei anayoununulia.

Kwa ambao mmeshapigwa: msifute mazungumzo, hata yale ya matusi. Piga picha kibati, stika, plagi na ukurasa wa takwimu kabla fundi yeyote hajagusa, na hakika kabla "fundi wa kampuni" hajaja, kwa sababu anajua ni stika ipi ya kubandua. Malalamiko ya bidhaa iliyouzwa kwa udanganyifu yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Polisi nenda na karatasi zako na useme wazi kwamba uliuziwa chakavu kwa jina la mpya. Ukisema tu kwamba mashine imeharibika utaambiwa hiyo ni kesi ya madai. Namba ya simu iliyotumika kukutapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Ukiwa umetanguliza hela na mzigo haujafika, usingoje kesho, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako saa hiyohiyo.

Na tafadhali, asiwepo wa kumuuzia mwenzake ile ya volti 120 ili kurudisha hasara. Jana nimeletewa moja ambayo imeshapita mikono mitatu, na huyo wa tatu ana watoto wadogo nyumbani.