TAHADHARI: Fundi anayetaka ubadili bomba zima kabla hajalifungua

Wenye mabomba ya zamani bafuni, kuweni macho. Kuna mchezo unachezwa na baadhi ya mafundi wakishirikiana na wauzaji wa vifaa. Fundi anaingia, anatazama bomba la hodhi la kuogea linavyodondosha, anatikisa kichwa: "Hili limeshaliwa ndani, mama. Tubadili lote kabla halijakupasukia ukutani." Bisibisi bado iko mfukoni! Kisha anakuelekeza kwenye duka moja tu, na huko utaambiwa hakuna vipuri, ni seti nzima.

Dada yangu walimpata hivyo. Bomba lake lilikuwa la shaba, zito, lenye mikono miwili, na lilidondosha likiwa limefungwa. Kwa bomba la aina hiyo, mshukiwa wa kwanza ni kile kiraba kidogo kinachobana njia ya maji ndani. Kikikakamaa au kikilika, maji yanapenya. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote kwenye bomba. Wao wakang'oa bomba zima, wakavunja vigae, wakafunga jipya linalong'aa. La zamani fundi akajitolea "kumsaidia kulitupa". Shaba haitupwi, jamani. Inauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Na hilo jipya aliuziwa kwa jina la shaba. Kromi, ule mng'ao wa juu, ilipoanza kubanduka, chini yake pakaonekana rangi ya kijivu, kumbe ni zinki. Msidanganywe na muuzaji anayewaonyesha kwamba sumaku hainasi. Sumaku hainasi kwenye shaba, na kwenye zinki hainasi vilevile. Lipime uzito mkononi, halafu chungulia ndani, mahali ambapo kromi haikufika. Shaba ya mabomba ina rangi ya njano.

Kabla hujakubali lolote, angalia maji yanatokea wapi. Yakidondoka mdomoni wakati limefungwa, tatizo kwa kawaida ni raba au kiti chake (pale raba inapobana kufunga maji), au katriji (kifaa cha ndani kinachofungua na kufunga maji) kama bomba ni la mkono mmoja. Yakitoka kwenye shina la mkono unapolifungua, ni pete ya mpira au kifungio cha shina. Hata kiti kilichochimbika mara nyingi husagwa kikawa laini tena. Yote haya ni matengenezo.

Kubadili nako kuna wakati wake, sisemi fundi yeyote anayekushauri hivyo ni mwizi. Mwili wa bomba ukiwa na ufa, hesi zikiwa zimeliwa, au katriji ya aina hiyo haipatikani tena, badili. Ukuta ukilowa hata bomba likiwa halitumiki, usingoje, maana huenda uvujaji uko kwenye mabomba ya maji yaliyo ndani ya ukuta, na bomba jipya peke yake halitautibu.

Mwambie fundi afunge maji, alifungue bomba mbele yako na akuonyeshe kilichoharibika. Wa kweli hatakasirika. Anayetaka malipo ya "seti" kwanza, mwache aende. Ukinunua jipya, risiti iandikwe limeundwa kwa madini gani, na vilivyotolewa vibaki kwako. Kama la zamani ameshaondoka nalo, mdai alirudishe au apunguze thamani yake kwenye malipo.