Mgahawa wa supu Mwanjelwa, Mbeya, wenye Biblia kaunta

Hauna jina. Kibao cha bati juu ya mlango kimeandikwa SUPU CHAPATI CHAI kwa rangi nyekundu, na neno la nne limeshafutwa na mvua. Ukitokea Kabwe kwa miguu kuelekea soko la Mwanjelwa, waulize wauza mitumba "kwa mama wa supu ni wapi", watakuonyesha kwa kidevu bila kuacha kukunja nguo. Nimekula pale karibu kila Jumamosi kwa mwaka na zaidi, kwa hiyo haya si maneno ya mtu aliyepita mara moja akapiga picha ya bakuli.

Nianze na chakula, maana ndicho kilichonipeleka. Supu ni ya makongoro na utumbo. Mama anaibandika usiku na kuiacha kwenye moto mdogo mpaka alfajiri, kwa hiyo ukifika saa moja asubuhi mfupa unaachia nyama wenyewe. Ndani unakuta vipande viwili vitatu vya ndizi mbichi za Tukuyu, vimeiva ila havijavurugika. Ndimu unakamua mwenyewe, pilipili ya kuponda iko kwenye kikopo mezani. Bakuli kubwa ni 3,000, chapati 500, na chai ya maziwa yenye tangawizi 500. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishuka kutoka mlima Loleza hadi vidole vinakataa kushika sindano (mimi ni fundi cherehani, najua ninachosema), ile supu ni dawa. Mchana kuna wali wa Kyela na maharage. Wali mzuri, maharage ya kawaida tu.

Kasoro zipo. Mabenchi ni membamba, mtu mzima akikaa nusu saa kiuno kinauma. Moshi wa jikoni ukikosa pa kutokea unaingia kwa wateja. Mhudumu ni kijana mmoja tu, na mjadala ukipamba moto husimama kusikiliza, chapati zako zikapoa mkononi mwake. Mama nimeshamwambia aongeze mtu.

Sasa huo mjadala. Ndio sababu ya kuandika haya.

Pembeni ya dirisha kuna meza ndefu, na kila Jumamosi kuanzia saa mbili na nusu hukaa watu walewale. Kuna mwalimu mstaafu wa hesabu, sote tunamwita Mwalimu, ambaye haamini kwamba Biblia ni neno la Mungu na anasema hivyo bila kupandisha sauti. Kuna mzee wa kanisa wa Moravian, kanisa ambalo lilianza huku kwetu Rungwe mwaka 1891, na bibi yake ni miongoni mwa waliobatizwa zamani hizo. Kuna kijana wa bajaji aliyeokoka, moto kweli kweli. Kuna dada Mlutheri anayeuza mchele jirani, huyo husema maneno machache lakini yakitoka yanakaa. Wasabato hutawaona, siku hiyo wako kanisani.

Biblia inakaa kaunta, imefungwa kwenye nailoni kwa sababu ya mafuta. Mama ameweka masharti mawili. La kwanza, anayetaja mstari aufungue na kuusoma kwa sauti, na asome na mistari ya juu na ya chini yake. La pili, hakuna kutukanana. Siku moja kijana wa bajaji alimgeukia Mwalimu na ile Zaburi ya 14, ya mpumbavu asemaye moyoni hakuna Mungu. Mama aliacha mwiko kwenye sufuria, akatoka jikoni. "Mwanangu, huyo ni mtu mzima, na ameketi kwangu. Mwombe radhi." Kijana akasimama: "Nisamehe Mwalimu, shikamoo." Mwalimu akaitikia marahaba, wakaendelea. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya dini na mikutano mingi ya siasa, jambo kama hilo sijaliona.

Mara ya kwanza nilipovuta benchi kusikiliza walikuwa kwa mfalme Ahazia. Mwalimu alichana kipande cha boksi la sabuni akaandika kwa kalamu ya wino, namba kubwa kama za ubaoni: 32, chini yake 8, akapiga mstari, 40. Huyo ni Yehoramu, baba wa Ahazia. Alianza kutawala akiwa na miaka 32, akatawala miaka 8, akafa. Mwanawe akarithi. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 8, kinasema mwana alikuwa na miaka 22. Kitabu cha pili cha Nyakati, sura ya 22, katika maandishi ya Kiebrania, kinasema 42. Mwalimu akageuza lile boksi tulione wote. "Mtoto amemzidi baba yake miaka miwili. Nikikuta hili kwenye mtihani nitaweka mkasi, awe nani aliyeandika."

Kijana akasema kuna fumbo pale ambalo mwili hauwezi kuliona. Mzee hakujificha kwenye fumbo. Alisema wazi kwamba ni kosa la mnakili, kwamba vitabu hivi vilinakiliwa kwa mkono karne baada ya karne, na mkono wa mtu huchoka. Ndiyo maana kuna tafsiri zinazoandika 22 katika sehemu zote mbili. Mwalimu akamuuliza: kama unakubali kosa hilo, utajuaje yaliyobaki hayana? Mzee akanywa chai yake yote kabla ya kujibu. Akasema, "Hili nalibeba, Mwalimu. Jumamosi." Na Jumamosi iliyofuata alikuja na jibu.

Alikuja na habari za mwaka 1947, za wachungaji wa mifugo waliokuta mitungi kwenye pango pale Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Ndani ya mapango yale kulipatikana gombo la Isaya lenye urefu wa mita 7 na zaidi, lililoandikwa kabla ya Yesu kuzaliwa. Nakala kamili ya zamani kuliko zote ya Agano la Kale kwa Kiebrania iliyobaki mpaka leo iliandikwa karibu mwaka 1008. Kati ya gombo na nakala ile kuna miaka elfu moja na zaidi. Walipolinganisha, walikuta Isaya ni yuleyule. Tofauti zipo, lakini nyingi ni za tahajia na vijineno vidogo. "Hao ndio wanakili wetu," mzee akasema, na sauti ilimtetemeka kidogo.

Mwalimu alikubali hapohapo, na hilo ndilo lililonifanya nimheshimu. Alisema walifanya kazi ya uaminifu, kazi ambayo yeye mwenyewe asingeiweza. Kisha akaongeza jambo ambalo nimelala nalo usiku mwingi. Alisema mwanafunzi akilinakili daftari lake neno kwa neno, na ndani ya daftari mna kosa, kosa nalo litanakiliwa vizuri. Kunakiliwa sawasawa ni jambo moja, kuwa kweli ni jambo jingine. Meza ilinyamaza. Dada wa mchele akasema, "Kwa hiyo la pili halipimwi kwa gombo," naye Mwalimu akasema ndiyo, halipimwi kwa gombo. Na mimi nadhani wote wawili walisema sawa.

Kilichonifunga kwenye ile meza kabisa ni Marko 16. Hapa inabidi niseme la nyumbani.

Mdogo wangu ana kifafa tangu akiwa na miaka tisa. Alikuwa anaendelea vizuri na vidonge vyake, alikuwa anasoma, anacheza mpira. Mwaka 2017 tulimpeleka kwenye mkutano wa hema. Mhubiri, simtaji, alisoma mistari ya mwisho ya Marko: waaminio wataweka mikono juu ya wagonjwa nao watapata afya, hata wakinywa kitu cha kufisha hakitawadhuru. Akasema kumeza kidonge baada ya kuombewa ni kumwambia Yesu ni mwongo. Mama yetu aliamini. Mimi pia niliamini, sitamtwisha mama peke yake. Vidonge tulivitupa chooni. Siku ya kumi na moja mdogo wangu alianguka kifafa mbele ya jiko la mkaa. Alilazwa wiki tano. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vimeshikana mpaka leo.

Basi Jumamosi hiyo Mwalimu alifungua Biblia ya kaunta, akaweka kidole mwanzo wa mstari wa 9. "Soma hii alama." Ilikuwa mabano ya mraba. Yanafunguka hapo na kufungwa mwisho wa mstari wa 20. Mstari ule nilikuwa naujua kwa moyo, nimeuimba kwenye kwaya, na sikuwahi kuuliza mabano yale yanafanya nini pale. Akaeleza kwamba nakala mbili za Kigiriki za karne ya nne, moja iliyohifadhiwa miaka mingi kwenye monasteri ya Mtakatifu Katerina kule Sinai na sehemu yake kubwa sasa iko London, nyingine iko Vatikani, zote zinaishia mstari wa 8. Wanawake wanakimbia kutoka kaburini wakiwa na hofu, basi. Mikono juu ya wagonjwa haimo, sumu haimo, nyoka hawamo.

Nilimwomba Biblia nikasoma mwenyewe, polepole. Mstari wa 1 unamtaja Mariamu Magdalene. Mstari wa 9 unamtambulisha upya, yule aliyetolewa pepo saba, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Kwa jicho la fundi ule ni mshono. Nguo ikiletwa kwangu na kiraka, hata kiraka cha kitambaa kilekile, nakijua kwa mahali uzi ulipoanza upya. Niliwaambia hivyo, na Mwalimu akapiga meza kwa furaha.

Kijana wa bajaji ndiye aliyeumia. "Shikamoo Mwalimu, lakini ukianza kutoa mistari utaishia wapi? Kesho utatoa ufufuo." Hofu yake naielewa, nilikuwa nayo mimi mwenyewe muda uleule, mikono imekuwa baridi. Mzee alimjibu kwa upole. Kwanza, kiraka chenyewe ni cha zamani: Irenaeus, askofu wa Lyon, alikuwa akiunukuu mstari wa 19 yapata mwaka 180, zamani kuliko zile nakala mbili. Pili, ufufuo haukuanza kwenye mstari wa 9, maana umeshatangazwa kwenye mstari wa 6. Kisha akanigeukia mimi, maana kisa cha mdogo wangu alikuwa anakijua.

"Mwanangu, hata bila mabano yule mhubiri alikosea." Akafungua Timotheo wa kwanza, sura ya 5. Paulo anamwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Akafungua Timotheo wa pili, sura ya 4: Trofimo nilimwacha Mileto, hawezi. Akafungua Wakolosai, sura ya mwisho, Luka aitwaye tabibu mpendwa. "Paulo alikuwa na mikono ya kuwekea wagonjwa. Na bado alishauri dawa, na alisafiri na daktari."

Mwalimu akasema, "Hapa mzee na mimi tuko upande mmoja." Nililia pale mezani, kwenye bakuli la supu. Mama wa supu alinifuta kwa kanga yake na hakunitoza siku hiyo.

Msinielewe vibaya. Bado naamini, bado naimba sauti ya pili. Mwalimu anaposema kwamba sehemu moja ikiwa imeongezwa basi vyote vina shaka, sikubaliani naye. Gauni halitupwi kwa kiraka. Lakini fundi anayemficha mteja kiraka ni mwizi, na niliyofichwa mimi yalikuwa yamechapwa mbele ya macho yangu, kwenye Biblia yangu mwenyewe. Nilipofika nyumbani niliifungua. Mabano yapo. Nikayakuta na kwenye Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 5, yamezunguka maneno ya watatu washuhudiao mbinguni, ambayo Erasmus, msomi wa Ulaya, hakuyaweka alipochapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, akayaingiza kwenye chapa ya 1522. Hilo nalo nimejifunza kwenye ile meza.

Mwezi uliopita nilikwenda na mdogo wangu. Amerudi kwenye vidonge vyake, anameza kila siku saa mbili usiku, anguko la mwisho lilikuwa miaka mitatu iliyopita. Aliagiza supu na chapati tatu. Mzee alipotaka kusoma, upepo wa dirishani ukawa unafunua kurasa, na mdogo wangu akaukandamiza ukurasa kwa mkono wa kushoto, ule wenye vidole vilivyoshikana, mpaka sura ikaisha. Kijana wa bajaji aliutazama ule mkono muda mrefu. Baadaye alimpeleka nyumbani bila nauli.

Wanafungua saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili wamefunga. Supu Jumamosi huwa imekwisha saa nne, kwa hiyo wahi. Pesa taslimu au kwa simu, zote wanapokea. Jumamosi ijayo ni zamu ya Yuda: Mathayo anasema alijinyonga, Matendo ya Mitume yanasema alianguka akapasuka, na mzee ameomba wiki nzima ya kujiandaa. Ukija, beba na Biblia yako, maana ile ya kaunta kurasa za mwisho za Ufunuo zimechanika.