Zana za kujenga na kulinda tovuti: ipi uanze nayo, ipi ulipie

Ukipata malipo ya kwanza ya mteja, usikimbilie kununua programu. Kwa kazi nyingi tunazopewa hapa Dar, zana bora ni za bure, na kinachotuangusha ni mpangilio mbaya.

Kwa kujenga, namba moja ni Vite, zana ya kuunganisha faili za msimbo ziwe tovuti. Unapoandika, haiunganishi tovuti nzima upya kila ukigusa mstari. Inakipa kivinjari faili linalohitajika tu, hivyo hata laptop ya mtumba inapumua. Ya pili ni esbuild, kwa kazi ndogo isiyo na mambo mengi. Webpack naiweka ya tatu. Imetubeba tangu 2012 na ukirithi mradi wake unaofanya kazi, uache ulivyo, ila mradi mpya usiuanzie huko.

Lakini Vite ina mtego, nami ulininasa. Jina lolote linaloanza na VITE_ kwenye .env, faili la mipangilio ya mradi, ukiliita kwenye msimbo, thamani yake inakwenda hadi kwenye kivinjari cha kila anayefungua tovuti. Nilikuwa natengeneza duka la vitenge la mama mmoja wa Kariakoo, nikauita ufunguo wa siri wa malipo VITE_SECRET ili ufanye kazi haraka. Siku mbili baada ya kupandisha tovuti nikabonyeza F12 kuona msimbo uliofika kwenye kivinjari, nikatafuta herufi zake za kwanza: ule pale, mzima. Nililala saa kumi usiku, nimeshaufuta, nimeomba mwingine na kuuhamishia kwenye seva.

Ndiyo maana kwenye ulinzi naitanguliza Gitleaks, ya bure, inayosaka siri kwenye historia yote ya git, yaani rekodi ya mabadiliko ya msimbo wako. Ipitishe na kwenye folda ya dist, yenye tovuti iliyokwisha kujengwa, kabla ya kupandisha. Hutambua kwa sura ya herufi, kwa hiyo ufunguo wa sura ngeni unaweza kuiponyoka. Tafuta na kwa mkono.

Inayofuata si programu ya kununua, ni mazoea ya kutumia npm, zana inayoleta vifurushi vya msimbo wa watu wengine: tunza package-lock.json, faili linalofunga matoleo ya vifurushi hivyo, na kwenye seva tumia npm ci, inayolifuata faili hilo kikamilifu, si npm install. Septemba 2025 vifurushi vya chalk na debug, vinavyotumika kila kona ya dunia, vilitiwa msimbo wa wizi kwa saa chache. Aliyefunga matoleo yake na asiyasasishe saa zile hakuguswa. Npm audit, inayokagua vifurushi vyenye kasoro, nayo iendeshe, ingawa inajua yaliyokwisha kuripotiwa tu. Kama msimbo uko GitHub, washa Dependabot, ikuarifu kifurushi chako kikigundulika na kasoro.

ZAP, bure pia, inaigonga tovuti kama mvamizi ili kutafuta mianya. Igonge ya kwako au uliyopewa ruhusa kwa maandishi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haitanii.

Cheti cha usalama (cha https) usikinunue, Let's Encrypt wanatoa bure. Pesa ya kulipia ipo kwa Burp Suite Professional, zana ya kupima usalama wa tovuti, inayolipiwa kila mwaka kwa kila mtumiaji. Inunue siku mteja atakapokulipa kupima usalama wenyewe, na gharama yake iandike kwenye ankara.