Fonti nene zenye sura ya kuchakaa: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kabla ya kulipia fonti yoyote ya herufi nene zilizokwaruzwa, andika neno MAANDAZI kwa ukubwa wa kiganja, kisha zitazame zile A mbili zilizosimama bega kwa bega. Ikiwa ya kwanza ina kovu kwenye mguu wa kushoto na ya pili ina kovu lilelile mahali palepale, uchakavu huo ni wa kompyuta na kila mpita njia atauona, kwa sababu chapa iliyopigwa kwa mkono juu ya gunia, au kibao cha duka kilichokaa miaka mingi kwenye upepo wa chumvi, havichakai mara mbili kwa namna moja. Kiswahili kina irabu pacha nyingi, SAA, VIFAA, CHOO, MKUU, kwa hiyo dosari hii humwumbua mchapaji wa Mombasa kwenye kazi yake ya kwanza. Ukimaliza hapo, andika NG'OMBE. Fonti ikikosa ritifaa, programu huazima ya fonti nyingine, nayo hukaa pale nyembamba na safi kama mgeni aliyekosea harusi.

Nafasi ya kwanza naipa familia ya kulipia ambayo kila herufi ina sura mbadala kadhaa, mfano wake ukiwa Veneer ya Yellow Design Studio, iliyochorwa kwa kufuata sura ya uchapaji wa zamani wa herufi zilizopakwa wino na kukandamizwa juu ya karatasi. Fonti ya namna hii hukuwezesha kuipa kila A alama zake, ila ni lazima programu unayotumia iwe inazitambua sura mbadala, na wakati mwingine utalazimika kuzichagua mwenyewe. Isome leseni kabla ya kulipa: ile ya kompyuta kwa kawaida hutozwa kwa idadi ya watumiaji au mashine, na ya tovuti mara nyingi huhesabiwa kando.

Ya pili, na kwa mwenye subira huenda ndiyo bora kuliko zote, ni kuchukua fonti nene iliyo safi na kuichakaza mwenyewe. Anton ya Vernon Adams hutolewa bure chini ya leseni huria ya SIL, inayoruhusu kazi za biashara lakini hukataza fonti yenyewe kuuzwa peke yake. Lichape neno kwa printa ya leza, likunjekunje, lisugue kwa msasa laini, kisha liskani kwa nukta 600 kwa inchi. Mimi huongeza hatua moja: huweka karatasi juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe kule Mji wa Kale, ambapo lipu imebanduka, nikaipaka kwa ubavu wa penseli, na alama zile nikazipitisha juu ya herufi. Kinachoiweka njia hii nafasi ya pili ni muda tu, kwani kila kazi huanza upya.

Rubik Dirt na Rubik Distressed zinafuata. Zote mbili ni za bure chini ya leseni hiyohiyo ya SIL, na pembe za Rubik zilizoviringwa kidogo huzifanya zionekane za kirafiki kuliko za kutisha, jambo linalofaa tangazo la mkahawa lakini si bango la ndondi. Zipime kwa MAANDAZI kama nyingine zote.

Nafasi ya mwisho ni fonti zilizoandikwa kuwa ni bure kwa matumizi binafsi. Tisheti moja ikiuzwa, hayo si matumizi binafsi tena.

Fonti iliyo bora bado yaweza kuharibika kwenye mashine, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Niliwahi kukata stika ya kioo cha nyuma cha tuktuk, neno moja tu, kwa herufi zilizojaa vidoa vidogo kama vumbi. Kila kidoa ni mchoro kamili unaojitegemea, na plota, yaani mashine ya kukatia stika, ilikifuata kila kimoja kwa kisu chake. Nilikaa na kibano nikinyofoa chembe moja moja hadi adhuhuri ikaadhiniwa, na herufi R ikang'oka nzima pamoja na takataka. Kwa stika za kukata, basi, chagua fonti yenye mikwaruzo michache mikubwa, au chapa juu ya stika badala ya kuikata. Kwa tisheti za skrini, ambazo wino wake hupitishwa kwenye wavu, tatizo hugeuka: vitundu vidogo kuliko uwezo wa wavu huzibwa na wino, na herufi uliyoilipia kwa ajili ya makovu yake hutoka imepona. Bango kubwa la kuning'inizwa barabarani halina shida hizo, mradi usilisome kwa kipimo cha kioo cha kompyuta, kwani kidoa cha nusu milimita pale huwa kama sarafu kule juu.

Kwenye jina la kanga usizitumie fonti hizi kabisa. Sijamwona mnunuzi wa Biashara Street anayetaka doti mpya yenye maneno yanayoonekana yameshafuliwa.