Maoni yangu kuhusu ajenti wangu wa mizigo Guangzhou – Dar, kwa wanaochanganya kontena

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Kariakoo na wa mikoani wanaoagiza China kidogo kidogo, mzigo wako haujazi kontena so unachanganya na wenzio kwa ajenti. Jina la ofisi sitaji maana sitaki ionekane tangazo, nataka tu mjue ajenti anayejua kazi anafanya nini ili na wewe umdai wako afanye hivyo hivyo.

Kilichonifanya nibaki nao ni vipimo. Mzigo ukitoka kwa saplaya ukifika godauni kwao Guangzhou, kila katoni inapigwa futi na picha unatumiwa WhatsApp, futi imelala juu ya katoni na namba unaisoma mwenyewe, na shipping mark yako, yaani alama ya kutambulisha mzigo wako, inaonekana imeandikwa kwa maka peni ubavuni. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni CBM (mita za ujazo) 0.12, zikiwa kumi ni CBM 1.2, hesabu hiyo unaipiga kwa simu ukiwa dukani kwako na mteja anasubiri chenji. Ofisi niliyokuwa natumia kabla yao walikuwa wananitumia jumla tu, mzigo wako CBM mbili na nusu, ukiuliza imepatikanaje unajibiwa boss ndo kipimo cha kule hicho. Bei yao kwa CBM ilikuwa ya chini kweli, lakini CBM yenyewe inavimba, sasa hapo umeokoa nini?

Na wanashauri kabla hujalipa. Mi nauza mabeseni na vyombo vya plastiki, dada wa ofisini ndo aliniambia mwambie saplaya ayapandanishe, dogo ndani ya kubwa, maana baharini mzigo mwepesi unalipia nafasi hulipii uzito, ukisafirisha beseni tupu umelipia hewa. Mabegi nayo wanayatoa kwenye katoni wanayakandamiza kwenye robota ukiwaruhusu. Kuna ajenti ambao hilo hawatakwambia ng'o kwa sababu hewa yako ndo hela yao.

Kwa ndege ni vilevile wanaeleza mapema. Ndege wanaangalia uzito wa mzani na uzito wa ujazo, kinachozidi ndo unalipia. Ofisi hii wanatumia hesabu ya urefu mara upana mara kimo kwa sentimita unagawa kwa 6000, kwa hiyo ile katoni ya 60 kwa 50 kwa 40 inahesabika kilo 20 hata kama ndani kuna vyombo vya kilo tisa. Wengi wanagombana na ajenti kwa hili wanadhani wameibiwa, kumbe hamna aliyewaeleza mwanzoni. Pawabanki, betri na vimiminika wanakwambia kabisa usichanganye na mzigo wa kawaida wa ndege, vina taratibu zake, ukivificha ndani ya nguo vikikamatwa unachelewesha na mizigo ya wenzio.

Sasa makaratasi, na hapa naomba mnisome vizuri. Mzigo wa kuchanganya mara nyingi umekuwa ukigombolewa kontena zima kwa jina la ajenti au mtu wake, wewe mwenye katoni nane jina lako unaweza usilikute forodhani. Afisa wa TRA, mamlaka ya mapato, akiingia dukani akauliza hii bidhaa imeingiaje nchini unamwonyesha nini? Juni 2024 wafanyabiashara waligoma wakafunga maduka Kariakoo, na kamatakamata ya watu wa kodi ilikuwa moja ya vilio vikubwa, hakuna asiyekumbuka. Ajenti wangu hawa ukilipa wanakupa risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) na packing list, yaani orodha ya mzigo wako, idadi ya katoni, CBM, na namba ya kontena lililobeba mzigo wako. Mi nazibana kwenye faili pamoja na invoice ya saplaya. Ajenti anayekwambia we chukua mzigo risiti tutakutumia, mkimbie hata kama anabeba kwa nusu bei.

Muda wa bahari wanaongea ukweli. Hawasemi siku 25 ili tu uingie, wanakwambia meli nyingine hazinyooki, kontena linashushwa Singapore au Port Klang ya Malaysia linasubiri meli nyingine, so jipange kwa mwezi mmoja na nusu mpaka miwili kuanzia kontena kufungwa. Na wanakumbusha mapema mwaka mpya wa Kichina, unaangukia mwishoni Januari au Februari, viwanda vinafungwa na kabla ya hapo kila mtu anasukuma mzigo wake utoke, ukichelewa bidhaa yako ya Pasaka ndo imekwenda hivyo.

Wanapokosea ni siku ya kuchukua. Kontena likishushwa tangazo linatumwa kwenye grupu watu wote tunafika asubuhi moja, mlango mmoja, vijana wa kubeba wachache, katoni zimepangwa bila mpangilio mpaka uzunguke mwenyewe usome alama. Siku moja mama wa Morogoro alisubiri hadi jioni akakosa gari la kurudi, na mzigo wake ulikuwepo muda wote, umefunikwa na magodoro ya mtu. Wangegawa watu kwa zamu yangeisha. Na vioo usiwape bila kreti ya mbao, kreti wanatengeneza ila lazima uombe na ulipie, wao hawakuulizi, na mi naona wangepaswa kuuliza.

Nawapa nne kwa tano. Kama unaanza, peleka kwanza katoni mbili tatu, mtumie saplaya shipping mark kwa maandishi na umwambie akupigie picha kabla hajazitoa kiwandani, kisha linganisha na picha ya godauni.