TAHADHARI kwa mlio nje wenye fleti Malindi: kontrakta huyu amenila shilingi 1,460,000

Wenzangu, hasa mlio Doha, Jeddah, Dubai na Italia mnaotaka kukarabati fleti zenu pale Malindi, tafadhali someni hii yote. Siku kumi nimekaa na jambo hili bila kumwambia mtu nje ya familia, kwa aibu. Lakini juzi nimesikia ameshapata mteja mwingine, dada mmoja aliye Ujerumani, nikaona nikinyamaza nitakuwa nimemsaidia mwizi.

Fleti yangu iko upande wa Casuarina, ghorofa ya tatu.  Mpangaji wa kwanza alipotoka aliacha choo kinavuja hadi kwa jirani wa chini, taili zimebanduka, rangi imeliwa na chumvi, grili za madirisha zina kutu hadi ukizishika zinamong'onyoka mkononi. Nikasema mwaka huu naitengeneza yote, Mama ahamie baada ya Maulidi.

Huyu mtu aliletwa na mkwe wa shangazi. Alinipigia mwezi wa pili na neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, usitume hata shilingi mpaka nipime." Hapo tu nililainika, kwa sababu mafundi wawili waliomtangulia walitaka pesa kabla hata ya kupanda ngazi. Akapima kutwa nzima. Siku ya pili akanitumia bajeti ya kurasa tisa, imepigwa chapa, kila chumba na ukurasa wake: kilo za misumari, mifuko ya simiti, mita za waya, hadi brashi za rangi amezihesabu. Chini kabisa, shilingi 1,860,000. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku wodini, nikaketi kitandani na sare yangu nikaisoma yote. Nikampigia kumwambia ni nyingi. Hakubishana. Akasema, "Milango mipya tuiache. Hii iliyopo ni mizima, nitaipiga randa na vanishi." Akakata 90,000 pale pale kwenye simu. Mtu anayekupunguzia gharama kwa mdomo wake mwenyewe, unaanzia wapi kumshuku?

Nikatuma 420,000 za vifaa. Baada ya wiki mbili zikaja picha za risiti, na simu yangu ya Kenya ikaingia M-Pesa ya shilingi 3,400. "Chenji yako dada, simiti tumeipata chini ya bei ya bajeti." Wallahi ile meseji niliisoma mara tatu. Nikamwonyesha mwenzangu wa chumbani, nikamwambia tazama watu wa kwetu walivyo waaminifu. Hizo 3,400 ndizo zilizonimaliza. Alipoomba 380,000 nyingine sikuuliza kitu.

Sasa niwaeleze ile Ijumaa ya video, kwa sababu hapo ndipo nilipochezewa hasa. Alipiga saa kumi jioni, na saa za huku kwangu Doha na za Malindi ni moja, kwa hiyo mwanga niliouona dirishani mwake ni kama niliouona dirishani mwangu. Nikaona mlango wa kahawia, ule ule, na komeo la shaba lile lile. Akaufungua taratibu: "Bismillahi, karibu kwako dada." Sebule yote taili nyeupe za sentimita 60 kwa 60, zinang'aa, mistari imenyooka. Akachuchumaa akagonga moja kwa ufunguo. "Sikiliza, imeshiba, hakuna uwazi chini." Nikasikiliza. Jikoni sinki mpya, akafungua mfereji maji yakatoka. Bafuni akamwaga ndoo nzima sakafuni, nikaona maji yanakimbilia tunduni bila kutuama hata kidogo, na mnajua vile choo kile kilivyonitesa. Nikaanza kulia. Nikamwomba aende dirishani nione bahari. Akaenda, akasimama kidogo tu, upepo ukawa unapiga kwenye simu, mivinje inayumba mbele yake, akageuka. Akasema fundi wa grili yuko chini anangoja, akilipwa leo Jumatatu anaanza kuchomelea. Nikatuma 500,000 machozi hayajakauka.

Haikuwa fleti yangu.

Ni ile ya ghorofa ya kwanza. Ramani ni moja, milango ni ya fundi mmoja, mwenye fleti hiyo aliikarabati mwaka jana akamwachia huyu bwana ufunguo apake rangi kibarazani. Na mimi nimesimama kwenye dirisha langu miaka na miaka. Kutoka ghorofa ya tatu mivinje unaitazama vileleni na bahari iko juu yake. Kwenye video matawi yalikuwa yamejaa dirisha zima, bahari haikuonekana. Niliyaona kwa macho yangu haya, na roho ikakataa kuuliza. Hilo ndilo linaloniamsha usiku hadi leo. Baadaye akadai dola imepanda na taili za bafuni zinatoka nje ya nchi, nikaongeza 160,000. Piga hesabu mwenyewe.

Mdogo wangu alitoka Lamu baada ya Idd ya Mfungo Tatu, akapita Malindi kuangalia. Ufunguo haukuingia, kufuli imebadilishwa. Wakaivunja mbele ya mlinzi. Ukuta wa bafu umebomolewa hadi mawe yako wazi, choo kimeng'olewa na tundu lake limezibwa kwa gunia. Katoni 14 za taili. Drumu moja la rangi la lita 20. Na katikati ya sebule lundo la mchanga mweupe wenye simbi ndani yake, ilhali kwenye bajeti umeandikwa mchanga wa mto Sabaki, lori mbili. Ameuchota ufuoni! Kipande alichopiga plasta kwa mchanga ule kimeshaanza kutoa unga wa chumvi, na fundi mwingine ametuambia kitachokorwa chote, la sivyo rangi yoyote itabanduka. Yaani hata kile alichokifanya ni cha kulipia kibomolewe. Mama hajui bado. Anadhani tunangoja rangi ikauke.

Mtu huyu anastahili kufungwa. Wakili ametuambia kujipatia pesa kwa ulaghai ni kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake ni miaka mitatu. Mitatu! Mimi zile pesa zimenichukua zaidi ya hiyo kuziweka, usiku kwa usiku, kugeuza wagonjwa na kubadilisha mashuka. Afungwe, na pikipiki yake iuzwe, na kile kiwanja anachojenga kiuzwe pia. Na yule mkwe wa shangazi asiniambie "sikujua". Akae mbele ya wazee aseme alipewa ngapi.

Mtaniuliza dalili. Zilikuwepo, nimeziona nikiwa nimeshaliwa. Ile bajeti ina taili katoni 96 za sakafu. Fleti yangu ni mita mraba 72, na katoni moja ya 60 kwa 60 ina taili nne, sawa na mita 1.44. Gawanya: ni katoni 50, weka tano za kuvunjika. Hizo 41 zilizobaki zilikuwa za nani? Ameweka "dharura asilimia 10", kisha ukurasa wa mwisho "mengineyo 210,000". Ameongeza VAT ya asilimia 16 na hana hata PIN ya kodi kwenye karatasi yake. Risiti za maduka matatu tofauti, mwandiko mmoja, na "7" imekatwa katikati kwa mstari ule ule. Cheti cha NCA, ile mamlaka ya kitaifa inayosajili makontrakta, alichonitumia, mdogo wangu amekitafuta kwa namba yake, kina jina la mtu mwingine. Mkataba hatukuandika. Nilimwamini kwa sababu alirudisha chenji, na hiyo chenji ilikuwa yangu! Hasbiyallahu wa ni'mal wakil. Kila shilingi aliyoila Mwenyezi Mungu amwonyeshe.

Fundi mpya tunamlipa vingine: pesa ya vifaa inakwenda dukani moja kwa moja na mdogo wangu yupo, ya ufundi ni chumba kikiisha, na asilimia 10 inabaki kwetu miezi sita tuone kama bafu linavuja.

Jina lake sitalitaja hapa, wakili amenikataza mpaka kesi ifunguliwe. OB, yaani namba ya ripoti ya polisi, tunayo. Mwenye risiti zake, au meseji, au aliyewahi kurudishiwa "chenji", aniandikie faraghani wiki hii, tunataka tuende tukiwa wengi.

Na wewe dada wa Ujerumani, naambiwa unatuma mwisho wa mwezi. Usitume. Mtafute mtu wako aende na simu yake mwenyewe, aanze kukuonyesha kutoka getini, apande ngazi moja moja video ikiwa wazi, hadi mlangoni kwako.